Mlango wa Kwanza Ukutani

Karakanani, 19 Januari

Mpwa wangu Mwalimu,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mbao, yule mwenye sauti ya msumeno usiotiwa mafuta. Usinipigie simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya gundi ya moto siku ya Jumatano. Nilipoitoa ilikuwa bado inaita, maana mimi nanunua vitu imara, lakini sasa imeshikana na kifuniko cha sufuria na kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge. Tuandikiane tu. Dereva anapita kwako kila wiki mbili na hana la kufanya mikono ikiwa kwenye usukani.

Kwanza asante kwa miwani. Tangu niivae nimegundua kwamba kinyozi wangu ni mzee kuliko mimi.

Sasa habari ya darasa lako. Nimeisoma mara tatu. Kidato cha pili, mkondo C, watoto hamsini na wanane. Wewe unafundisha hesabu, wao wananakili ubaoni kama wanalipwa kwa neno, na ukiuliza swali wote wanainama kama wameangusha sindano. Halafu mkuu wa shule kakwambia kwamba mtihani wa Julai nusu yao wasipofaulu, mkondo C unavunjwa. Wenye nafuu watagawanywa A na B, wengine watarudishwa kidato cha kwanza wakakae na wadogo zao. Nusu ya hamsini na wanane ni ishirini na tisa. Hesabu hiyo nimeipiga kichwani, hata penseli sikuitoa sikioni. Unajua mimi shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa ya kunifundisha.

Unauliza wanagenzi wangu wamekuwaje hata hawaogopi kuharibu. Mama, jibu umelikulia. Ukuta wa Mashahidi umeuona tangu ukiwa mdogo unaokota maranda. Kile kigoda cha miguu mitatu kilichokusudiwa minne, ile droo isiyofunguka mpaka ibembelezwe. Kwangu mtu akiharibu hafokewi. Kazi yake inapigiliwa ukutani, na kesho yake wakati wa chai anasimama mwenyewe kutueleza. Jambo hili nililibuni mimi, asubuhi moja nikinyoa ndevu, na ndevu hazikuisha kabla sijalikamilisha.

Mimi mwenyewe sina kitu pale. Nimeshika randa miaka thelathini na mitatu na sijaharibu ubao. Kuna mwaka pima maji za mji mzima zililetwa kwangu zikaguliwe, kwa sababu kitanda nilichotengeneza kilionekana kimenyooka kuliko zenyewe.

Bandika makosa yao ukutani. Baada ya wiki mbili utaniandikia kunishukuru, nami nitajifanya nimeshangaa.

Mjomba wako,
Fundi wa mafundi


Shuleni, 16 Februari

Shikamoo mjomba,

Nakushukuru, ingawa si kwa namna uliyoitarajia.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilichagua makosa ishirini kutoka kwenye madaftari, nikayabandika ukuta wa nyuma, na kando ya kila kosa nikaandika jibu sahihi kwa wino mwekundu. Siku ya tatu yalikuwa yamebaki kumi na mawili. Siku ya tano yamebaki manne. Kuna msichana wenzake wanamwita Redio, kwa sababu uwanjani hazimiki ila akivuka kizingiti cha darasa anazimika. Yeye alilibandua lake na kulitafuna, mjomba, mbele yangu, akameza.

Mkuu wa shule alipita akasimama dirishani. "Mwalimu, wazazi wakija ndiyo tuwaonyeshe hii?" Nilimwomba muda. Akaniambia muda ninao, unaishia Julai.

Kisha kijana wa dawati la mwisho, wanayemwita Kobe, akauliza kwa sauti ya chini, "Lako liko wapi, mwalimu?" Swali la haki. Usiku wake niliandika hesabu yenye kosa, nikaibandika. Redio akaisogelea, akaitazama kama mnunuzi wa kitambaa, akasema, "Hili umelitengeneza. Kosa la kweli halina mwandiko mzuri hivi." Darasa lote likacheka, nami nikafurahi, maana walau lilitoa sauti.

Nina ombi. Pale juu kabisa kwenye ukuta wako, juu ya ile droo, kuna mlango wa kabati uliokuwa mweusi kwa uzee. Kila kitu ukutani nimesikia kikielezwa, isipokuwa huo. Ni wa nani? Nikijua wa kwanza alianzaje, labda nitajua na mimi nianzie wapi.

Mpwa wako,
Mwalimu wa C


Karakanani, 2 Machi

Mwalimu,

Huyo Redio nampenda. Karatasi zake zibandike kwa gundi yangu, nakutumia kopo kwa dereva. Hakuna aliyewahi kuila akarudia.

Mlango ule ni pambo. Niliukuta. Majengo ya zamani yana vitu vyake, na mtu hawezi kujua kila ubao umetoka wapi.

Bora nikusimulie habari ya kiti nilichomtengenezea mnyanyua vyuma. Wenzangu wote walimkatalia. Mimi nikamwambia kaa. Akakaa. Kiti hakikulia hata kidogo, ila sakafu ya chini ilishuka vidole viwili, na mwenye nyumba alikuja kunipongeza kisha kunishitaki. Soma habari hiyo darasani. Itawapa moyo.

Huku wazima. Wanagenzi ni watano, na mmoja wao leo kakata meza ya mviringo ikatoka na kona.

Mjomba wako

Halafu, kwa nini umeuliza mlango ule? Nani kakutuma?


Shuleni, 23 Machi

Shikamoo mjomba,

Gundi imefika na nashukuru. Kiti cha mnyanyua vyuma niliwasomea. Kobe aliuliza kama mwenye nyumba alishinda kesi.

Nikueleze nilipokwama. Jumatatu niliwapa swali moja tu: kipi kikubwa, tatu juu ya nane au moja juu ya mbili. Watoto thelathini na wanne waliandika tatu juu ya nane. Nikaeleza ubaoni, wakanakili, vizuri kabisa, kwa rula. Jumanne nikauliza tena. Thelathini na wanne tena, na wala si wale wale wote. Yaani kuna waliokuwa wamepata nikawaharibu mimi.

Nilimsimulia mama, dada yako. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Muulize mjomba wako habari ya mlango." Nikasema nimeuliza, kasema ni pambo. Akaniambia, "Muulize tena."

Mjomba, hadithi zako nazipenda na nimekua nazo. Safari hii sitaki hadithi. Nina wiki kumi na tano na watoto hamsini na wanane. Mlango ule ni wa nani?

Mpwa wako


Karakanani, 6 Aprili

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako mfukoni mpaka imeota vumbi la mbao. Mlango ni wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa pili kwa mzee aliyenifundisha kazi, mwenye karakana hii kabla yangu. Hospitali iliagiza milango kumi na miwili ya makabati ya dawa. Mzee akasema mbao hizi zitapigwa randa tena, kwa hiyo lazima niache ziada kila upande. Akaniandikia vipimo viwili vya inchi kwenye kipande cha ubao, moja juu ya mbili na tatu juu ya nane, akasema tumia kile kikubwa maana mbao bado mbichi, zitasinyaa, akaenda kununua bawaba.

Nikavitazama. Tatu inaishinda moja. Nane inaishinda mbili. Kimeshinda juu, kimeshinda chini, sasa kuna la kuuliza? Nikaikata yote kumi na miwili kwa tatu juu ya nane, haraka, huku naimba.

Ilipofungwa hospitalini kila kabati lilibaki na mwanya wa robo inchi. Muuguzi mmoja alisema hii nzuri, tutaona dawa bila kufungua. Mzee hakucheka. Alibeba mlango mmoja kwa miguu mpaka hapa, akaupigilia ukutani, ukuta uliokuwa mtupu, akaniambia kesho wakati wa chai utatueleza.

Sikulala. Asubuhi nilijua ataniuliza kwa nini nimeharibu, na jibu sikuwa nalo. Lakini aliniuliza kitu kingine. Aliniuliza, "Ulifikiria nini ulipokuwa unakata?" Hilo nililijua. Nikamweleza tatu inavyoishinda moja na nane inavyoishinda mbili. Akasikiliza kama mtu anayepewa habari ya maana, kisha akasema, "Akili ipo, ila imeingia nyumba ya jirani." Akachukua fito mbili za urefu mmoja, moja akaipasua vipande viwili, nyingine vipande vinane. Akanipa vipande vitatu vya ile ya nane mkono huu na kipande kimoja cha ile ya mbili mkono ule. Hakusema neno. Mikono yangu ndiyo iliyosema.

Kwa hiyo ukuta sikuubuni mimi, na ndevu wakati huo sikuwa nazo.

Na shule, mama, sikuiacha kwa sababu walimu waliishiwa. Swali lilikuwa la namna hiyo hiyo. Mwalimu alinisimamisha mbele, akawaambia wenzangu wacheke mpaka aseme basi. Alichelewa kusema basi. Nilitoka kama ninayekwenda msalani, na mpaka leo sijarudi.

Wewe umeandika jibu sahihi kwa wino mwekundu kando ya kosa la mtoto. Mzee wangu hakunipaka rangi. Aliniuliza nilifikiria nini, akangoja.

Choma barua hii.

Mjomba


Shuleni, 13 Aprili

Shikamoo mjomba,

Sikuichoma. Nimeiweka ndani ya kitabu cha hesabu, ukurasa wa sehemu.

Nimeutupa wino mwekundu. Juzi nilimuuliza Kobe, "Ulifikiria nini?" nikangoja. Nilingoja mpaka nikasikia darasa la jirani linasoma shairi zima. Mwishowe akasema, "Mwalimu, nane si nyingi kuliko mbili? Hata ukiniamsha usingizini nitakwambia hivyo." Wengine wakasema, ndiyo, hata sisi. Ndiyo mara ya kwanza tangu Januari nimeisikia sauti ya C kuhusu hesabu.

Lakini kusimama mbele ya ukuta bado hakuna anayetaka. Naomba ruhusa yako niwasomee sehemu ya mlango tu. Ya shule sitaigusa. Nangoja jibu, na nikikosa ruhusa sitasoma.

Asante kwa kuniambia. Najua imekugharimu nini.

Mpwa wako


Karakanani, 20 Aprili

Mwalimu,

Jibu ni hapana. Mimi ni mtu wa heshima katika mji huu. Juzi tu mtu alinipisha kwenye foleni ya benki, ingawa baadaye nilitambua kwamba alikuwa anaondoka.

Barua isisomwe. Mtoto akisomewa kosa la mtu asiyemwona atadhani umetunga, kama lile lako lenye mwandiko mzuri.

Dereva anapakia mbao Alhamisi. Nimeung'oa mlango. Misumari ilikuwa na kutu ya miaka na haikutaka kuachia, wanagenzi wote watano wamesimama kunitazama na hakuna aliyethubutu kuuliza. Lori lina nafasi ya mlango mmoja na mjomba mmoja. Mwambie mkuu wa shule kuna mtaalamu anakuja. Mtaalamu wa nini, usimwambie.

Miwani nitakuja nayo, ila siahidi kuivaa. Watoto hamsini na wanane ni heri uwaone kwa ukungu.

Mjomba wako


Shuleni, 11 Mei

Shikamoo mjomba wangu,

Uliondoka na lori kabla sijapata kukushukuru, kwa hiyo nakushukuru hapa, na nikueleze usiyoyaona, maana muda mwingi ulikuwa unaitazama sakafu.

Uliingia na mlango mgongoni kama mtu anayehama nyumba. Watoto walidhani umekuja kutengeneza dirisha. Ulipoanza na lile la walimu kuishiwa, moyo wangu ulishuka, nikajua unakimbia. Kisha ukaushusha mlango chini. Ukasema, "Hapana, hapo nimewadanganya. Ngoja nianze tena." Mjomba, hapo Kobe aliweka kalamu chini. Mtoto huyu hajawahi kuweka kalamu chini, hulala nayo.

Na ulipofika kwenye kukata milango ukakwama, hukuona nani alisimama. Alikuwa Redio. Ulisikia swali tu: "Ulifikiria nini, mjomba?" Ukamjibu yeye bila kuinua macho. Ulipogawa zile fito na kila mtu akashika vipande vyake, nilisikia watu kumi wakisema "aah" kwa nyakati tofauti, na hakuna niliyemwelewesha mimi.

Ya shule uliyasema mwenyewe. Mimi nisingeyasema. Nimeyatunza.

Kesho yake asubuhi nilikuta karatasi imebandikwa kabla sijafika. Ya Redio, kosa lile lile alilolimeza, kaliandika upya. Chini yake: "Nilifikiri ukigawanya lazima kipungue." Sasa zipo arobaini na moja, na kila moja inaanza na "Nilifikiri". Langu la kweli nimelipata pia, nikalibandika katikati: "Nilifikiri darasa lililo kimya limeelewa." Redio kalisoma, kaniambia, "Hili ni lako."

Mkuu wa shule analalamika kwamba kelele za C zinamfikia ofisini. Nimemwomba radhi nikiwa natabasamu, jambo lililomchanganya.

Sijui kama tutafika ishirini na tisa. Nilitaka tu ujue kwamba nakwenda darasani nikiwa na hamu.

Mpwa wako


Shuleni, 3 Agosti

Shikamoo mjomba,

Matokeo yametoka. Mwaka jana walifaulu tisa. Mwaka huu ishirini na sita.

Tumepungukiwa watatu. Nilikaa chumba cha walimu nikihesabu upya majina kama mtu aliyepoteza ufunguo anayerudia mfuko ule ule. Mkuu alikuwa ameshaandika orodha ya mgawanyo, nani A, nani B, nani arudi. Niliiona mezani kwake, imepigwa muhuri, haijasainiwa. Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa na cha kumdai, makubaliano yalikuwa makubaliano.

Saa nne asubuhi wale thelathini na wawili walioanguka wakajipanga mlangoni kwake, kila mmoja na karatasi yake ya mtihani. Sikuwatuma. Kobe alikuwa wa mbele, yeye aliyeanguka kwa alama moja. Mkuu akasema, "Kama mmekuja kubembeleza, rudini darasani." Kobe akasema, "Hatukuja kubembeleza, mkuu. Tumekuja kueleza."

Akaanza. Swali la pili, nilifikiri hivi, akili ikaingia nyumba ya jirani hapa, ilitakiwa ipite huku. Akamaliza, akampisha mwenzake. Mkuu aliwapa dakika kumi. Zikapita saa tatu na zaidi. Chai yake ikapoa, chakula cha mchana hakukiona. Kwenye mtoto wa kumi na moja nilimsikia yeye mwenyewe akiuliza, "Ulifikiria nini hapo?" na sidhani kama alijua ameuliza. Kufika swali la saba alichukua kalamu aonyeshe njia, akakosea. Mtoto aliyekuwa mbele yake, mdogo kuliko wote, akaweka kidole kwenye mstari na kusema kwa adabu, "Mkuu, ulifikiri hii ni kujumlisha."

Mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mtu anayejua alipokosea siwezi kumrudisha kidato cha kwanza. Huko atajifunza nini?" Ile orodha aliichana vipande viwili, halafu akaviweka kwenye droo, maana ni mtu wa nyaraka. C inabaki na mimi mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka. Na ameomba walimu wa A na B waje kukaa nyuma ya darasa letu, wasikilize.

Mjomba, nilifundishwa chuoni miaka mitatu na nimefundisha miaka sita. Hiki ulinipa wewe, ukiwa umekibeba mgongoni. Asante, asante tena.

Nakutumia karatasi ya mtihani uone walichopambana nacho.

Mpwa wako,
Mwalimu wa C, bado


Karakanani, 17 Agosti

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wanagenzi, nimesimama juu ya benchi. Nilipofika kwa yule mdogo aliyeweka kidole, dereva wa lori akatoka nje akasema anaangalia matairi. Aliyaangalia robo saa.

Wewe unanishukuru mimi. Ngoja na mimi nikwambie yangu, kwa kuwa ana kwa ana nitaanza kusimulia habari ya mnyanyua vyuma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipotoka darasani, na sauti ya wale watoto nimetembea nayo mpaka nikapata mvi. Kila nilipojisifu nilikuwa naifunika. Siku ile kwako nilisimama mahali pale pale, mbele ya ubao, hesabu ile ile, watoto wakubwa kidogo tu kuliko wale, wakaninyamazia mpaka nikamaliza. Halafu yule binti akaniuliza nilifikiria nini. Nilikuwa nalihitaji swali hilo darasa la sita. Limechelewa, lakini limenikuta hai. Asante, mama. Waambie na wao, mmoja mmoja.

Huku mambo yamebadilika. Nilidhani watu wakijua nami niliharibu, wateja watanikimbia. Alikuja mama mmoja, kaniambia, "Fundi, nasikia milango ya hospitali ulikata wewe." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitengenezee kabati, maana wewe vipimo sasa unaviogopa." Wanagenzi nao wameanza kunibishia. Nilipowaambia habari ya pima maji za mji mzima, yule wa meza yenye kona akauliza ni pima maji ngapi hasa. Nikasema mbili. Moja ilikuwa yangu.

Karatasi ya mtihani tumeipigilia mezani. Swali la kwanza na la pili nimeyaweza, na ukimkuta mtu anayekwambia nilisaidiwa, mwambie aje kwangu. La tatu, lile la tangi linalojazwa na mabomba mawili, nimelipiga siku nne, nyuma ya mbao, karatasi zimekwisha. Nimepata dakika kumi na mbili. Mwanagenzi wangu amepata kumi na nane. Tumebishana mpaka gundi imekauka kwenye brashi. Kila mmoja kamweleza mwenzake alivyofikiri, mara mbili, na sijui nani kati yetu yuko sahihi.

Mwaka jana ningejua.

Mjomba wako,
Fundi